Kiangazi Chetu Kabla ya Safari

Mgeni akipita Dodoma mwezi wa Agosti, jambo la kwanza analofanya ni kufunga dirisha la gari. Anaona upepo ukisokota vumbi barabarani, mibuyu imesimama bila jani hata moja, na mashambani yamebaki mabua ya mtama. Akifika aendako husema, "Dodoma ni kukavu mno!" Hatumlaumu. Mvua zetu kwa mwaka ni chini ya milimita 600 kwa wastani, nazo hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu.

Lakini sisi tunaokaa Msalato, kaskazini mwa katikati ya jiji, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa, Babati na Arusha, tunakipenda kiangazi. Nchi yetu imeinuka, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hata jua likiwaka mchana kutwa, usiku huja ubaridi mzuri wa kujifunika shuka nzito. Mavuno yako ndani. Nguo hukauka kabla hujamaliza kufua ndoo ya pili. Mbu hupungua, na sisi wauguzi tunaona foleni ya wagonjwa wa malaria nayo ikipungua. Ndiyo miezi ya harusi, ya kujenga na ya kutembeleana. Wagogo, ambao ndio wenyeji wa huku, tangu zamani walingoja kiangazi ndipo wacheze ngoma zao na kuwatia vijana jando, maana kazi ya shamba imekwisha na vihenge vina chakula.

Kiangazi tunachotaka kuwasimulia ni cha mwaka 2024. Nusura tukikose, ingawa tulikuwa hatujatoka nyumbani.

Simu kutoka Leicester

Mwishoni mwa Juni mwaka huo binti yetu wa kwanza alitupigia simu kutoka mji wa Leicester, Uingereza, anakoishi na mume wake. Alikuwa mjamzito, na mtoto alitarajiwa katikati ya Desemba. "Mama, naomba uje unilee," alisema. "Na Baba naye aje." Kila mama anajua jinsi simu ya namna hiyo inavyoingia moyoni. Uzazi wa kwanza, ugenini, wakati wa baridi kali, bila shangazi wala jirani wa kumwambia alale kidogo amshikie mtoto! Tulijibu ndiyo kabla hata ya kuuliza nauli.

Baba wa nyumba yetu ni mwalimu, na mama ni muuguzi. Hatukuwa tumewahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Tangu siku ile nyumba yetu ikageuka ofisi: pasipoti, picha, barua za mwajiri, taarifa za benki, cheti cha ndoa ambacho tulikitafuta wiki nzima tukakikuta ndani ya kitabu cha nyimbo. Tulikwenda Dar es Salaam kuweka alama za vidole kwa ajili ya viza. Jioni tulizoea kukaa barazani tukimenya karanga na kuongea na watoto. Sasa tulikaa ndani tukihesabu. Koti zito linauzwaje? Viatu vya baridi je? Binti alituambia kuwa mwezi wa Desemba jua la kule huzama kabla ya saa 10 jioni, basi tukaanza kuogopa giza ambalo bado lilikuwa mbali nasi kwa miezi mitano.

Kila jambo la nyumbani likapata jibu moja: "Tukirudi." Mlango wa jiko umelegea? Tukirudi. Jirani ameoza, hatujakwenda kumpongeza? Tukirudi. Mafundisho ya akina mama vijana kanisani, ambayo tumeyasaidia kila kiangazi kwa miaka mingi? Mwaka huu watuwie radhi, tuna safari.

Na hapo nyumbani tulikuwa na Bibi. Ni mama mzazi wa baba wa nyumba yetu, naye amekwisha kupita miaka 80. Kwa mwaka mzima alikuwa akilalamika kwamba anaona ukungu. Muuguzi wa nyumba alimmulika kwa tochi akaona weupe katikati ya mboni ya jicho la kulia. Ulikuwa mtoto wa jicho, na jicho la kushoto lilikuwa likielekea huko huko. Mwezi wa Mei tulimwahidi, "Mama, tutakupeleka hospitali." Ilipokuja simu ya Leicester, hilo nalo likaingia katika fungu la "tukirudi."

"Kumbe mpo?"

Jioni moja mwanzoni mwa Agosti upepo ulikuwa ukivuma sana. Tulikuwa tumeazima mizani dukani, tunapima sanduku tupu ili tujue litabaki na nafasi ya kilo ngapi. Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Chakula kilipoiva tukamwita.

"Kumbe mpo?" akauliza.

Tukacheka, tukidhani anatania.

"Mimi nilidhani mmeshaondoka," akasema. "Sauti zenu nazisikia, lakini mnaongea mambo ya huko tu. Mtoto wa Leicester mnamwona. Mtoto wa jicho langu hamumwoni."

Usiku ule hakuna aliyekula vizuri. Muuguzi huyu ndiye anayekaa chini ya mwarobaini kila mwezi baada ya ibada, akiwapima wazee shinikizo la damu na kuwaambia wanawake wenzake wasiwafiche wazazi wasioona vizuri. Ameyasema hayo kwa miaka mingi, naye mzee wake mwenyewe anapapasa ukuta kutafuta mlango.

Tulikaa kitandani tukahesabu upya, safari hii si fedha. Tungekuwa mbali kwa miezi mitano. Bibi angebaki na mwanetu wa mwisho anayesoma na msichana wa kutusaidia kazi. Choo kiko nje, na kina ngazi mbili. Jiko ni la mkaa. Mzee asiyeona akianguka akavunjika nyonga, mara nyingi hainuki tena. Ndipo tulipoona kuwa lile neno letu dogo, "tukirudi," lingeweza kumaanisha kurudi tukakuta msiba.

Asubuhi tulimwomba Bibi msamaha. Wiki iliyofuata tukampeleka Hospitali ya Mvumi, iliyo kusini-mashariki mwa jiji, ambayo imejulikana kwa miaka mingi kwa huduma za macho. Fedha tulizotumia zilikuwa za makoti na sanduku la pili.

Wapo akina mama wanaoogopa upasuaji huu kwa ajili ya wazazi wao, basi tueleze kidogo. Mtoto wa jicho si ngozi inayoota juu ya jicho. Ni lenzi ya ndani iliyopoteza ung'avu wake, na hakuna dawa ya kudondoshea wala ya mitishamba inayoweza kuirudisha. Daktari hulitia jicho ganzi, huondoa lenzi iliyochafuka, na huweka nyingine ya kutengenezwa. Kwa kawaida mgonjwa halazwi usingizi, na kazi yenyewe haichukui hata saa moja.

Siku ya pili bandeji ilipoondolewa, Bibi alinyamaza kwanza. Kisha akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. "Umezeeka, mwanangu," akasema. Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka nasi.

Wiki za kwanza zilikuwa za uangalifu, maana Agosti ya Dodoma na jicho lililopasuliwa si marafiki. Tulimdondoshea dawa kwa saa zake, mikono ikiwa imenawiwa kwa sabuni. Tulimzuia asifikiche jicho, asibebe ndoo, wala asiiname juu ya moshi wa jiko. Akitoka nje alivaa miwani ya jua. Wewe unayemuuguza mzazi wako, kumbuka hili: akipata maumivu makali, jicho likawa jekundu sana au kuona kukafifia ghafla, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Jumamosi zetu

Madaktari walipotuambia jicho limepona vizuri, tulifanya mpango. Kila Jumamosi, kuanzia katikati ya Septemba mpaka siku ya kuondoka, itakuwa ya nyumbani. Hakuna kuhesabu kilo, hakuna kutaja koti. Tutaitembea Dodoma yetu pamoja na Bibi.

Ya kwanza hatukwenda mbali. Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato. Huko utakuta ng'ombe na mbuzi, kuku, sufuria, mitumba, na moshi wa nyama choma unaokuvuta tangu barabarani. Kwa miaka miwili Bibi alikuwa akienda kwa kushikwa mkono. Siku hiyo alitangulia mbele. Alisalimia watu kabla hawajamsalimia, "Mbukwenyi!" na alisimama kwenye vitenge akivishika kimoja kimoja, akitaja rangi zake. Tulikaa kwenye benchi tukala mbuzi kwa chumvi na pilipili. Bibi akasema nyama ni nzuri ila bei ni ya wenda wazimu.

Jumamosi nyingine tulikwenda Makutupora, mbele ya Msalato, kwenye mashamba ya zabibu na kituo cha utafiti wa zao hilo. Husimuliwa kwamba zabibu za Dodoma zilianza na mapadre wa misheni ya Bihawana, waliotaka divai ya misa. Leo ni zao la wakulima wengi wadogo, na huvunwa mara mbili kwa mwaka, moja ya mara hizo ikiwa kiangazi. Tulikuta mavuno yanaishia, tukanunua ndoo mbili kwa bei ya chini.

Njiani Bibi akauliza, "Huko Leicester mtampelekea nini mzazi?" Tukamweleza kuwa nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa Uingereza, na zabibu mbichi zingeoza. "Basi kausheni," akasema. "Jua la bure hili mnaliacha la nini?"

Tukaosha zabibu, tukazitandaza kwenye nyungo, tukazifunika kwa chandarua cha zamani tulichokifua vizuri ili nzi wasizifikie. Kila jioni tuliziingiza ndani, na asubuhi tulizitoa. Bibi alikaa mbele ya nyungo hizo kwa siku nyingi, akichambua vikonyo kwa vidole vyake na kwa jicho lake jipya. Mwisho tulipata mfuko mmoja tu, lakini ulikuwa mfuko wa kiangazi chetu. Tukakausha na majani ya mlenda, tukasaga na unga wa uwele kwa ajili ya uji.

Mji uliojua kungoja

Mwezi wa Oktoba, joto likiwa limepanda, tulimpeleka Bibi mjini. Tulipumzika kwenye viwanja vya Nyerere Square, kisha tukapita stesheni ya zamani ya reli, ile reli ya kati iliyofika Dodoma mwaka 1910 wakati wa Wajerumani. Bibi alitazama majengo marefu, akaanza kusimulia.

Alikuwa mama kijana mwezi Oktoba 1973, chama cha TANU kilipoamua kuwa Dodoma itakuwa makao makuu ya nchi. Watu walishangilia. Iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, viwanja vikapimwa. Kisha miaka ikapita, na wizara nyingi zikabaki Dar es Salaam. Ni mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kuwa serikali yote inahamia, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Mwanetu wa mwisho akahesabu kwa vidole. "Bibi, ni miaka 43! Mlikuwa mnafanya nini muda wote huo?"

"Tulilima," akajibu. "Tulijenga. Tulizaa, tukazika, tukaoza. Baba yako huyu alizaliwa tukingoja."

Mume na mke tukatazamana. Sisi tulishindwa kungoja miezi mitano bila kufunga maisha, na hawa waliishi miaka 43.

Jumamosi hiyo tukirudi nyumbani tulipanda kidogo mwinuko ulio karibu nasi. Kutoka hapo tuliona udongo mwekundu ulikokuwa ukijengwa uwanja mpya wa ndege wa Msalato, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2022, wenye njia ya kurukia ya mita 3,600. Bibi akauliza Ulaya iko upande gani. Mjukuu wake akanyoosha mkono kaskazini. Bibi alitazama huko kwa muda. "Siioni," akasema, "lakini hiyo njia ya ndege naiona."

Tulirudi pia kwenye mafundisho ya akina mama vijana. Somo letu la kiangazi ni lile lile siku zote, macho ya watoto. Vumbi na nzi huleta trakoma, ugonjwa ambao umewapofusha wazee wengi wa nyanda hizi. Katika wilaya ya Kongwa ya mkoa wetu, watafiti wa miaka ya 1980 na 1990 walionyesha kuwa kuwaweka watoto nyuso safi kunasaidia kuupunguza. Maji ni machache, lakini kikombe kimoja kinatosha uso wa mtoto. Mwaka huo tulisema hayo tukiwa na dhamiri safi zaidi.

Na safari je? Haikuharibika. Viza zilitoka. Makoti tuliazima kwa rafiki aliyewahi kusoma nje. Dawa za shinikizo la damu za Bibi tulizipanga kwenye vijisanduku vya wiki, na jirani akakubali kumpima kila Ijumaa. Dawa zetu tuliziweka katika mkoba wa mkononi pamoja na vyeti vyake, si ndani ya sanduku. Ndani ya ndege tulikunywa maji na kuinuka mara kwa mara kunyoosha miguu, maana kukaa muda mrefu kunaweza kugandisha damu miguuni.

"Sasa nendeni"

Tuliondoka mwishoni mwa Novemba. Mawingu ya kwanza yalikuwa yamekusanyika, na mibuyu iliyosimama uchi tangu kipupwe ilikuwa imeanza kuchipua. Tulipanda treni ya umeme, ambayo ilikuwa imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai mwaka ule ule. Zamani safari hiyo kwa basi ilikuwa ya kutwa, sasa ni saa chache tu.

Nyumbani, kabla ya kutoka, tuliomba pamoja. Bibi alishika nyuso zetu kwa mikono miwili, kama alivyozoea kufanya alipokuwa haoni. Kisha akaiachia, akatutazama tu.

"Sasa nendeni," akasema. "Mmekaa. Mtu aliyekaa anaweza kwenda."

Mtoto alizaliwa salama Desemba, wa kike. Kulikuwa na giza saa 10 jioni kama tulivyoambiwa, na madirisha yalifungwa mchana na usiku. Tulipika uji wa uwele, tukatia zabibu chache za Makutupora, na binti yetu akanywa huku akilia kidogo. Tulipompigia Bibi simu ya picha, aliusogeza uso wake mpaka tukaona jicho moja tu likijaza kioo chote. "Ana masikio ya babu yake," akasema. Tulitazama vizuri. Ni kweli, wala sisi hatukuwa tumeliona.

Tulirudi mwishoni mwa Aprili 2025. Bibi alikuwa barazani. Alituona tangu tuko barabarani, akaanza kuinuka. Kiangazi kilipofika, tulimpeleka tena kwa jicho la pili.

Mama mwenzetu, huenda wewe huendi Ulaya. Huenda unangoja nyumba iishe, mume apate uhamisho, au mtoto amalize shule. Ni vizuri kungoja jambo jema. Ila chunguza ni mambo gani nyumbani mwako umeyaambia "tukirudi," na nani amekaa mlangoni akisikia sauti yako tu. Chagua moja, ulifanye wiki hii.

Na ukipita Dodoma mwezi wa Agosti, fungua dirisha kidogo. Vumbi huoshwa. Karibu Msalato siku ya Jumamosi, mbuzi atakuwa jikoni.